Kukinga Mazao dhidi ya Jalidi Jangwani: Mwongozo kutoka Mashamba ya Yuma, Arizona

Mtu akitajiwa kilimo cha jangwani huwaza jua kali na uhaba wa maji, na ni nadra kufikiria baridi. Hata hivyo, katika majangwa yaliyo mbali na ikweta, baridi ya Desemba na Januari huweza kuangamiza kwa usiku mmoja zao ambalo mkulima amelitunza na kuligharimia maji kwa miezi kadhaa. Yuma, iliyoko kusini-magharibi mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, kando ya Mto Colorado na karibu na mpaka wa Mexico, ni mfano ulio wazi. Mvua yake haifiki milimita 100 kwa mwaka, na kiangazi chake hupita nyuzi 45 za Selsiasi. Lakini kuanzia Novemba hadi Machi mashamba yake, pamoja na yale ya Bonde la Imperial upande wa California, ndiyo yanayowalisha Wamarekani na Wakanada sehemu kubwa ya letusi, spinachi, brokoli na koliflawa. Msimu huo wa mavuno ndio huo huo msimu wa jalidi, yaani baridi inayogandisha maji na mimea.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kujikinga kwa kufuata mazoea ya eneo hilo, na mengi ya yaliyomo yanamfaa pia anayelima au kufanya kazi shambani katika jangwa lingine lenye majira ya baridi, kwa mfano Tabuk na Al-Jawf kaskazini mwa Saudi Arabia. Jambo ninalolisisitiza tangu mwanzo ni hili: kazi kubwa ya kuzuia jalidi jangwani hufanyika mchana, kwa udongo na kwa maji, siku moja au mbili kabla baridi haijafika. Yanayofanywa usiku wa manane ni nyongeza, na mengine kati ya hayo hugharimu fedha nyingi bila kuokoa kitu.

Kwa nini usiku wa jangwani hupoa upesi

Udongo na mimea hupokea joto la jua mchana na kulirudisha angani usiku kwa mionzi isiyoonekana kwa macho. Mahali penye mawingu au hewa yenye unyevu mwingi, sehemu ya mionzi hiyo hunaswa na kurudishwa chini, kwa hiyo ardhi hupoa polepole. Jangwani anga huwa tupu na mvuke wa maji ni kidogo, hivyo joto huondoka karibu bila kizuizi. Mchana wa Januari mjini Yuma hufika wastani wa nyuzi 20 hivi, na usiku wa siku hiyo hiyo shamba lililoko bondeni linaweza kushuka hadi sifuri au chini yake. Usiku wenyewe ni mrefu, zaidi ya saa 13, nao huipa ardhi muda wa kutosha wa kupoteza yote iliyoyakusanya.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau, nalo ni kiwango cha umande, yaani kiwango cha joto ambacho hewa ikikifikia mvuke uliomo huanza kugeuka matone. Umande unapofanyika, mvuke hutoa joto, na joto hilo hupunguza kasi ya kupoa kwa hewa na majani. Katika nchi zenye unyevu msaada huu huja mapema usiku. Jangwani kiwango cha umande huweza kuwa nyuzi 6 au hata 10 chini ya sifuri, kwa hiyo hewa huvuka sifuri na kuendelea kushuka bila kusaidiwa na chochote. Ndiyo maana mkulima huweza kuamka na kukuta majani yamekuwa meusi ilhali hakuona weupe wowote wa barafu: maji yameganda ndani ya jani wakati juu yake ni pakavu. Anayesubiri kuona weupe ndipo aamini kuwa jalidi imepiga huwa amekwisha kuchelewa.

Wakulima wa viazi wa Kinangop nchini Kenya na wa Njombe nchini Tanzania wanaujua vizuri usiku wa namna hii, wenye nyota nyingi na upepo uliotulia. Kwao baridi huletwa na mwinuko, lakini Yuma iko chini, karibu usawa wa bahari, na kinachofanya kazi hapo ni latitudo pamoja na ukavu wa hewa.

Jalidi ya usiku mtulivu ndiyo ya kawaida na ndiyo tunayoweza kuipunguza makali. Ipo nyingine, inayoletwa na upepo wa baridi kutoka kaskazini, ambayo huvuma usiku na mchana na kuondoa joto lolote unalolizalisha shambani. Mwanzoni mwa Februari 2011 wimbi la namna hiyo lilifika hadi kaskazini-magharibi mwa Mexico na kuharibu mboga na mahindi kwa wingi katika majimbo ya Sonora na Sinaloa. Dhidi ya upepo huo feni hazisaidii, na vifuniko hung'olewa. Kabla ya kutumia mbinu yoyote, kwa hiyo, uliza kwanza kama usiku utakuwa mtulivu au utakuwa na upepo, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama unastahili kuwasha mashine au kulala.

Mahali pa kupanda na zao la kupanda

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa yenye joto, nayo hutiririka kama maji kuelekea mahali pa chini, hujaza mabonde, na husimama inapokutana na kizuizi. Ukiangalia Yuma utaona wakulima waliielewa tabia hii zamani. Mboga za majani zimeenea katika mabonde ya mto, penye udongo mzito wenye rutuba, lakini michungwa na milimau imepandwa zaidi juu ya uwanda ulioinuka unaoitwa Yuma Mesa, wenye udongo wa kichanga. Tofauti ya mwinuko haizidi makumi machache ya mita, ila usiku mtulivu inatosha kuufanya uwanda uwe na joto kuliko bonde. Udongo wa kichanga nao una sehemu yake katika uamuzi huo, kwa kuwa michungwa haipendi maji yanayotuama.

Ukiwa na shamba lenye mteremko, weka zao linaloumia upesi sehemu ya juu na ya katikati, na uache sehemu ya chini kabisa kwa ngano, alfalfa au kabichi. Kagua pia kinachoziba njia ya hewa. Ua mnene, tuta la mfereji au safu ya miti iliyopandwa kukingama na mteremko huifungia hewa baridi ndani ya shamba, na mara nyingi kukata mlango wa mita chache katika ua huo upande wa chini huleta nafuu kubwa kuliko mashine ya bei ghali. Njia rahisi ya kuzijua sehemu hizo ni kutembea shambani alfajiri ya baridi, kabla jua halijachomoza, ukiwa na kipimajoto mkononi.

Mazao hayalingani katika kustahimili. Nyanya, pilipili hoho, maharage, matango na matikiti huumia mara tu tishu zake zinapoganda, karibu na sifuri hadi nyuzi 1 chini yake, na kwa hiyo Yuma hayaachwi wazi katikati ya majira ya baridi. Letusi changa iliyozoea baridi huvumilia nyuzi chache chini ya sifuri, lakini ile iliyokaribia kuvunwa huharibika ngozi kwa baridi ndogo zaidi. Spinachi, kabichi na brokoli ni sugu kuliko letusi. Kwa matunda ya jamii ya machungwa, limau huanza kuganda kati ya nyuzi 0.8 na 1.9 chini ya sifuri kutegemea umri wake, na chungwa lililoiva kati ya 2.2 na 2.8 chini ya sifuri, kwa kuwa sukari iliyomo hushusha kiwango cha kuganda. Mtende huacha kukua kunapokuwa na baridi lakini hauogopi jalidi ya kawaida ya Yuma, na hiyo ni sababu mojawapo ya zao la tende kustawi huko.

Viwango hivyo si kuta. Maji yaliyomo ndani ya mmea huweza kushuka chini ya sifuri bila kuganda mpaka yapate kitu cha kuanzishia barafu, na mara nyingi kitu hicho ni bakteria wanaoishi juu ya majani, hasa wale wa aina ya Pseudomonas syringae. Mmea uliopitia wiki kadhaa za baridi ya wastani hujizoeza, lakini mmea ule ule uliopata wiki mbili za joto la ghafla huwa laini tena. Kwa sababu hiyo jalidi ya nyuzi 2 chini ya sifuri inayokuja baada ya siku za joto hutisha kuliko ile ya nyuzi 3 inayokuja katikati ya majira ya baridi mfululizo. Punguza mbolea ya naitrojeni kadiri Desemba inavyokaribia, kwa kuwa machipukizi mapya yaliyojaa maji ndiyo ya kwanza kufa.

Kupima na kukadiria

Utabiri wa hali ya hewa ni mwanzo mzuri. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hutoa tahadhari ya kuganda, na mtandao wa vituo vya hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Arizona, unaojulikana kama AZMET, huonyesha joto, unyevu na upepo katika maeneo ya kilimo. Hata hivyo, kituo hupima hewa kwenye kivuli, takriban mita moja na nusu kutoka ardhini, ilhali jani la letusi liko karibu na udongo na linatazama anga tupu. Usiku mtulivu jani hilo huweza kuwa na baridi kuliko hewa ya kituoni kwa nyuzi 1 au 2, na wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo kituo kinaposoma nyuzi 1 juu ya sifuri, letusi yako inaweza kuwa imekwisha kuganda.

Weka vipimajoto vyako mwenyewe: kimoja mahali pa chini kabisa pa shamba, kimoja katikati na kimoja upande wa juu, katika kimo cha mimea yenyewe. Kabla ya msimu vipime vyote kwa kuvitumbukiza katika ndoo ya maji yenye barafu nyingi iliyopondwa na kukorogwa. Vyote vinapaswa kusoma sifuri. Kisichosoma hivyo kiandike tofauti yake kwenye kijiti chake au ukitupe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kosa la nyuzi 1 kwenye kipimajoto ndilo linaloweza kutenganisha zao lililopona na lililokufa.

Ipo kanuni ya makadirio inayomsaidia mkulima kujua mapema alfajiri itakuwaje. Katika usiku wenye anga safi, usio na upepo wala umande, joto hushuka kwa kasi mwanzoni na polepole baadaye, na kiasi cha kushuka tangu saa mbili baada ya machweo hulingana na kipeuo cha pili cha muda uliopita, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa muda huo. Katikati ya Januari jua la Yuma huzama kabla kidogo ya saa kumi na mbili jioni na kuchomoza baada ya saa moja na nusu asubuhi, kwa hiyo unaweza kuanza kuhesabu saa mbili usiku. Chukua kipimo saa mbili, kisha saa sita. Kiasi kilichoshuka katika muda huo ukikizidisha kwa 1.7 utapata kiasi kitakachokuwa kimeshuka kufikia macheo. Tuseme saa mbili usiku ilikuwa nyuzi 8 na saa sita ikawa nyuzi 3: zimeshuka nyuzi 5, basi kufikia alfajiri zitakuwa zimeshuka takriban nyuzi 8 na nusu, na shamba litafika nusu nyuzi chini ya sifuri. Wingu likitanda au upepo ukianza, hesabu hiyo haifai tena.

Siku moja au mbili kabla

Hapa ndipo ninapomwomba mkulima aweke nguvu zake. Udongo ni ghala la joto, na uwezo wake wa kulihifadhi hutegemea maji. Mchanga mkavu una nafasi nyingi za hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Jua la mchana huupasha juu tu, na usiku joto lililo chini haliwezi kupanda. Udongo uliolowa hupokea joto hadi kina cha sentimita 30 hivi na kulirudisha usiku kucha. Mwagilia, kwa hiyo, siku moja au mbili kabla ya usiku unaohofiwa, mapema mchana, ili jua lipate muda wa kuupasha udongo huo. Lengo ni kuulowesha kina hicho, si kuufanya uwe tope, kwa sababu letusi iliyosimama katika maji wakati wa baridi huoza mizizi, na chumvi ya maji ya Colorado hupanda juu ya tuta maji yanapokauka.

Usiulime wala kuupalilia kwa jembe udongo katika siku hizo. Udongo uliotibuliwa hujaa hewa na hukauka juu, na hivyo hupoteza sifa zile zile unazozitafuta. Magugu yaondolewe wiki kadhaa kabla, kwa kuwa yanauzuia udongo kupata jua. Matandazo ya majani makavu, ambayo kiangazi ni rafiki wa mkulima wa jangwani, katika usiku wa jalidi hulifungia joto chini na kuiacha mimea iliyo juu ikiganda. Shamba la michungwa lenye udongo mtupu, mgumu kidogo na wenye unyevu huwa na usiku wenye joto kuliko shamba jirani lililofunikwa na nyasi. Wengi hustaajabu wanapoambiwa hivyo, lakini kipimajoto huthibitisha.

Umbo la matuta nalo lina nguvu yake. Katika majira ya baridi jua la Yuma hupita upande wa kusini, jambo ambalo mtu aliyezoea jua la ikweta hulisahau. Wakulima wa mabonde ya jangwa la California walizoea kuyaelekeza matuta mashariki na magharibi na kuzipanda mbegu kwenye ubavu wa kusini ulioinamishwa kulipokea jua. Upande wa kaskazini wa mstari walisimamisha vijiti vya vichaka pamoja na karatasi nene, ili kukinga upepo, kuyarudishia mimea joto la mchana na kuzuia sehemu ya anga usiku. Kazi hiyo ilihitaji mikono mingi, na leo plastiki na vitambaa vyepesi vimechukua nafasi ya karatasi, lakini kwa bustani ndogo ya nyanya au matikiti ya mapema bado ni ufundi unaofaa.

Usiku wenyewe

Njia ya gharama ndogo ni kupitisha maji katika mifereji iliyo kati ya matuta. Maji ya kisima kirefu jangwani huwa na joto zaidi ya nyuzi 20, na hata ya mferejini huwa na joto kuliko hewa ya alfajiri. Yafungulie mapema, mimea ikiwa bado juu ya sifuri, ili yafike mwisho wa shamba kabla ya saa za hatari. Tarajia nafuu ya nyuzi 1 hivi. Ni kidogo, lakini jalidi nyingi za Yuma huwa ni za nyuzi 1 au 2 tu chini ya sifuri.

Vinyunyizio vya juu ya mimea ni jambo zito zaidi. Kilo moja ya maji ikiganda hutoa kilojuli 334 za joto, na joto hilo huifanya mimea ibaki karibu na sifuri wakati hewa imeshuka chini yake, mradi maji yaendelee kunyunyizwa bila kukatika. Lakini kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hunyang'anya mmea kilojuli 2,500 hivi, yaani zaidi ya mara saba ya kile kilichotolewa. Katika hewa kavu ya jangwani uvukizi ni mwingi, na hapo ndipo wengi wanapoangamiza walichotaka kuokoa. Ukiviwasha vinyunyizio kwa kuchelewa, matone ya kwanza huvukizwa na kulishusha joto la jani chini ya sifuri papo hapo. Ukivizima mapema kwa sababu jua limechomoza, hutokea vivyo hivyo.

Kipimo cha kufuata ni kile cha kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji safi, ambacho husoma chini zaidi kadiri hewa inavyokuwa kavu. Washa wakati hicho kingali juu ya sifuri, na zima pale tu kitakapopanda tena juu ya sifuri na barafu inaachia majani. Kiwango cha umande kikiwa nyuzi 6 chini ya sifuri, hiyo ina maana ya kuwasha wakati hewa yenyewe ingali na zaidi ya nyuzi 3. Kama huna uhakika kuwa pampu itafanya kazi mpaka asubuhi, au kuwa zamu yako ya maji inatosha usiku mzima, usianze kabisa. Shamba lililonyunyiziwa nusu ya usiku huumia kuliko lililoachwa. Angalia pia chumvi, kwani maji yenye chumvi nyingi yakikaukia juu ya majani huyaunguza.

Katika mashamba ya machungwa na malimau hutumika feni kubwa zilizosimamishwa juu ya nguzo za takriban mita 10. Usiku mtulivu, hewa iliyoko kimo hicho huwa na joto kuliko ile iliyo karibu na ardhi, na kazi ya feni ni kuivuta chini na kuichanganya. Feni moja hulinda hekta 4 hadi 5. Haizalishi joto lolote, kwa hiyo inategemea tofauti iliyopo kati ya juu na chini: ikiwa ni chini ya nyuzi 1 na nusu, faida yake ni ndogo, na ikiwa upepo unavuma hakuna cha kuchanganya. Pima tofauti hiyo kwa kupandisha kipimajoto juu ya mlingoti kwa misimu miwili kabla ya kutumia fedha.

Moto unafaa ukiwa midogo na mingi. Majiko mengi yaliyosambazwa kati ya miti hupasha hewa taratibu, na hewa hiyo huzunguka chini ya tabaka lenye joto. Moto mmoja mkubwa hutoboa tabaka hilo, hupeleka joto lake juu angani, na huivuta hewa baridi kutoka pembeni iingie shambani. Kuhusu moshi, imani kwamba moshi mzito hufunika shamba na kuzuia jalidi imeenea kila mahali, nami nataka kuipinga waziwazi. Chembe za moshi ni ndogo mno kuweza kuzuia mionzi ya joto inayotoka ardhini. Anayechoma matairi usiku huchafua mapafu ya watoto wa jirani na majani ya mboga zake, na asubuhi moshi ukisalia huchelewesha jua kuupasha udongo.

Kwa vitalu na bustani, vitambaa vyepesi visivyofumwa huongeza nyuzi 1 hadi 2, na vizito zaidi huongeza nyuzi 2 hadi 4. Vitandaze kabla ya jua kuzama ili vinase joto la udongo, vishindiliwe kwa udongo pembeni, na ikiwa ni plastiki viinuliwe kwa pinde, maana jani linalogusa plastiki huganda pamoja nayo. Asubuhi vifungue. Jua la jangwani hata mwezi wa Januari huweza kuiunguza miche iliyofungiwa ndani ya plastiki ifikapo saa nne.

Asubuhi na siku zinazofuata

Katika mashamba ya letusi ya Yuma asubuhi ya jalidi huwa na utaratibu usiovunjwa: hakuna anayeingia shambani mpaka barafu iyeyuke. Mabasi ya wavunaji hufika, visu vimekwisha kunolewa, lakini kazi huanza saa tatu, saa nne, au hata baadaye. Jani lililoganda ni gumu na dhaifu kwa wakati mmoja. Ukilibonyeza kwa kidole seli zake hupasuka, na alama ya kidole hicho hubaki hapo, hugeuka kahawia na kuanza kuoza sandukuni kabla ya kufika sokoni. Ni afadhali kupoteza saa tatu za kazi kuliko kuvuna kontena zima la mboga zitakazorudishwa. Kama wewe ni msimamizi, panga malipo ya wavunaji kwa kuzingatia saa hizo za kusubiri, kwa kuwa si kosa lao.

Baada ya barafu kuyeyuka, kagua majani ya nje. Baridi ndogo huitenga ngozi ya juu ya jani na nyama yake, na utaona malengelenge meupe au ya rangi ya fedha, hasa kwenye majani yaliyoinama nje. Ngozi hiyo hukauka na kubanduka baada ya siku chache, na chini yake vijidudu hupata njia. Letusi ya kichwa inaweza kuokolewa kwa kuchambua majani ya nje, ingawa uzito hupungua. Letusi ndefu ya majani wazi na spinachi changa zina mahali pachache pa kukata, hivyo subiri majani mapya yakue ikiwa soko linaruhusu. Jua pia kwamba baridi huchelewesha ukuaji: letusi iliyopandwa Septemba inaweza kukomaa katika wiki 10 hivi, na ile ya Novemba ikahitaji wiki 16. Panga ahadi zako kwa wanunuzi kwa kuzingatia hilo.

Malimau na machungwa hayaonyeshi madhara siku hiyo hiyo. Subiri siku chache hadi wiki moja, kisha uchume matunda kutoka sehemu mbalimbali za shamba, hasa za chini, uyakate kwa upana. Nyama iliyoganda huonekana kama imelowa maji, na baadaye huwa kavu na yenye mashimo. Mara nyingine madoa meupe hutokea kwenye ngozi zinazotenganisha vipande. Matunda yaliyoganda kidogo yavunwe upesi kwa ajili ya juisi, kwa sababu kukauka huendelea yakiwa mtini.

Mti wenyewe usiukate. Matawi yaliyonyauka Januari huonekana kama yamekufa, na kishawishi cha kuyafyeka ni kikubwa, lakini mstari kati ya sehemu hai na iliyokufa hauonekani mpaka machipukizi ya masika yatoke, na mengine hunyauka tena baada ya kuchipua. Ngoja mpaka joto litulie, ndipo ukate. Mti uliopoteza majani hunywa maji kidogo kuliko ulivyozoea, hivyo punguza umwagiliaji, na shina pamoja na matawi makubwa yaliyobaki bila kivuli yapakwe chokaa nyeupe kabla ya jua la Aprili. Miche ya mwaka wa kwanza au wa pili ambayo shina lake lilirundikiwa udongo mkavu mwanzoni mwa majira ya baridi hupona mara nyingi hata kama sehemu ya juu imekufa, kwa kuwa mahali ilipobebeshwa, yaani palipounganishwa mimea miwili kuwa mmoja, pamebaki salama. Udongo huo uondolewe mara hatari ya jalidi inapokwisha, kwa sababu gamba lililofunikwa katika joto na unyevu huoza.